Tahadhari ya Namba Kumi na Nne

Jumanne hiyo ilianza kama Jumanne zote za kituo cha Thornclough: mvua ya rasharasha, mkate wa kuchoma uliozidi kuungua, na askari wakigombea kiti kilicho karibu na kipasha joto. Sajenti Imogen Tattersall hakugombea. Alikuwa na wiki sita tu tangu akabidhiwe kikosi cha polisi jamii cha mji ule wa viwanda vilivyokufa, na aliona si vizuri kiongozi aonekane anatetemeka.

Alisoma kazi za siku. Baiskeli tatu zimeibwa. Mbwa wa mtaa wa nyuma amemng'ata mpeleka barua, kwa mara ya pili, mguu uleule. Kuna vijana wanaogeuza kituo cha basi kuwa choo.

"Na Bi. Cropper wa mtaa wa Albion namba kumi na nne amepiga simu tena," alisema. "Anasema kuna mtu anatembea ghorofani."

"Huyo mtu anatembea tangu mimi sijazaliwa," alisema Konstebo Nadeem Aslam, ambaye mzaha ulikuwa haumtoki mdomoni hata msibani. "Siku akikaa chini apumzike, ndiyo siku tutakayopaswa kuogopa."

Glenys Hindle alicheka huku anafunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka hamsini na sita, askari msaidizi, hana pingu wala mamlaka ya kumkamata mtu. Silaha zake zilikuwa miguu na mdomo. Kwa miaka kumi na tisa alitembea mitaa ileile, akajua nani kaachana na nani, na ufunguo wa nani umefichwa chini ya chungu gani cha maua. Saa tisa na robo kila siku alimchukua mjukuu wake Effie shuleni, na kikosi kizima kilijua kwamba baada ya hapo usimtafute.

"Nitapita mimi," alisema. "Ila nani ananisindikiza? Pale tunaendaga wawili."

"Kwa nini wawili?"

"Mimi nilikuta hivyo, mwanangu. Mmoja anaingia, mwenzake anabaki kizingitini kashikilia mlango. Hata sajenti aliyekutangulia alikuwa anaushika mwenyewe, na yule baba alikuwa haamini kitu asichokiona kwa macho."

Imogen alilijua jambo hilo, tena vizuri. Kila anwani iliyowahi kuwasumbua polisi huwekewa tahadhari kwenye kompyuta: hapa kuna mbwa mkali, hapa yupo mwenye kisu. Kila mwaka sajenti huzipitia moja moja. Isiyo na sababu huondolewa, maana sheria haitaki mtu atiliwe shaka bure. Inspekta alitaka mia mbili ziwe zimepitiwa kufikia Ijumaa, na Imogen alikuwa amekesha nazo. Ya namba kumi na nne ilisema: *Wawili. Mmoja abaki kizingitini, mlango wazi.* Mahali pa kuandika sababu palikuwa patupu. Ilinakiliwa kutoka kwenye kadi ya karatasi ya mwaka 1987, na kila sajenti aliyefuata alibonyeza *iendelee* bila kuuliza lolote.

Imogen aliuliza. Akapekua majalada, hakukuta ugomvi, wala jeraha, wala mtu aliyekamatwa. Alikuta bibi wa miaka themanini na ushee anayeishi peke yake. Akabonyeza *ondoa*, na tuseme ukweli, alijisikia bingwa.

"Ile tahadhari nimeifuta jana," alimwambia Glenys. "Hatuwezi kumfanya bibi wa watu aonekane jambazi eti kwa kuwa hakuna anayekumbuka kisa. Na leo hawa wengine wote wanachukuliwa kulinda msafara wa waziri mjini. Nenda peke yako. Dakika kumi, umpe pole, urudi."

Nadeem aliacha kutafuna. "Afande, nikirudi jioni ninaweza kwenda naye."

"Jioni Glenys yuko na mjukuu. Ni kikombe cha chai na bibi kizee, Nadeem."

Glenys alipandisha zipu ya koti mpaka kidevuni. "Haya. Wewe ndiye bosi," alisema, bila kinyongo.

Saa tano na dakika ishirini sauti yake ilisikika redioni. "Nimefika kumi na nne. Mlango uko wazi, naingia."

Saa sita Imogen alimwita redioni, kimya. Akapiga simu yake ya mkononi, ikaita mpaka ikachoka. Akajiambia ni maneno mengi ya Glenys, kanogewa na chai. Saa sita na nusu aliacha kujidanganya, akavaa koti, akatoka kwa miguu.

Mtaa wa Albion ni nyumba za mawe zilizobanana pande mbili, milango inafunguka moja kwa moja njiani. Mvua ilikuwa imekatika. Katikati ya mtaa, bibi kizee mmoja alikuwa anatembea polepole huku anagusa kila gari lililoegeshwa, gari kwa gari, kwa kiganja kizima. Alivaa ndala za ndani na sweta. Alikuwa amefumba macho na kuuelekeza uso juu, na alikuwa analia.

"Bi. Cropper?"

Bibi alifumbua macho. Akatazama mistari mitatu kwenye bega la Imogen, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nisamehe, Sajenti," alinong'ona. "Nilingoja sana."

Akaendelea na safari yake. Imogen alitaka kumfuata, mzee na ndala zake kwenye baridi ile, lakini mlango wa namba kumi na nne ulikuwa wazi na ndani yake alimwona Glenys.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa, kaelekea mtaani, kofia mkononi. Kutoka alipoketi hadi njiani ni hatua nne. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Usiingie," alisema kwa sauti ya chini. "Simama hapohapo. Ushike mlango usijifunge."

Imogen aliweka mguu kwenye kizingiti, bega akaliegemeza mlangoni. "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi toka, twende."

"Tazama," alisema Glenys.

Akasimama, akatembea kuja mlangoni. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, mguu ukainuka kuvuka kizingiti, ukashuka, na ukawa bado uko ndani. Akajaribu tena. Safari hii Imogen hakupepesa macho, na bado hakuona ilivyotokea: Glenys alikuwa anamjia, kisha alikuwa amempa mgongo, ameelekea ngazi.

"Nimefanya hivyo mara sitini," alisema bila kugeuka. "Nilihesabu, kisha nikaacha."

Imogen alinyoosha mkono ndani, akamkamata kiganja, akavuta. Kiganja kilikuwa cha moto, cha mtu hai kabisa. Akavuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya umeme. Glenys aliuma meno mpaka machozi yakamtoka, na hakusogea hata kidole.

Juu yao mbao zikalia. Mtu alikuwa anatembea ghorofani. Hakuwa na haraka. Alikuja mpaka mwanzo wa ngazi, akasimama.

"Nani yuko juu?"

"Sijamwona," alinong'ona Glenys. "Bibi aliniambia hashuki mlango ukiwa wazi."

Kisha akaeleza, haraka haraka, kama anayetoa taarifa ya zamu kabla ya kuondoka. Nyumba ile haikai bila mtu. Anayeingia peke yake, bila mwenzake kushika mlango, hubaki yeye, na aliyekuwa ndani hutoka. Bi. Cropper alikuwa askari wa kituo chao. Mwaka themanini na saba aliingia peke yake kwa sababu mwenzake alisogea kununua sigara. Yule mwenzake alirudi, akaona, akakimbia kituoni kuandika kadi.

"Sasa kwa nini hakuandika sababu?"

"Alipofika kwenye sababu alikuwa ameshasahau, mwanangu. Wote husahau. Wanakuona ni mkazi wa hapa tangu zamani."

Imogen alibonyeza redio.

"Chumba cha mawasiliano, naomba mtu wa pili Albion namba kumi na nne, haraka. Mwenzangu amekwama ndani."

"Mwenzako nani, Sajenti?" iliuliza sauti ya kijana.

"Askari msaidizi Hindle. Glenys Hindle."

Vidole vilisikika vikigonga kompyuta.

"Sajenti, Hindle ndiye mkazi wa hapo. Yule bibi anayesikia mtu ghorofani. Amepiga simu mara mia tatu na kitu. Kweli unahitaji mtu?"

Imogen aliiachia redio. Glenys alikuwa amesikia kila neno. Aliketi tena kwenye ngazi, akaiweka kofia gotini na kuipapasa.

"Nenda zako," alisema. "Irudishe ile tahadhari. Kimbia, uandike na sababu kabisa."

"Sikuachi hapa. Saa tisa na robo una mjukuu wa kumchukua. Una..." Imogen alisita. "Anaitwa nani vile?"

"Effie."

"Effie. Ndiyo. Effie."

Alilirudia jina kimoyomoyo. Effie, ana pengo la meno, kila Krismasi anawachorea kadi kikosi kizima. Au alikuwa mtoto wa mtu mwingine? Alimtazama mama aliyeketi kwenye ngazi. Sweta la sare lilikuwa sweta tu. Mama wa watu, mpweke, amezoea kupiga simu polisi apate wa kuongea naye. Ni vizuri kumpitia mara moja moja. Imogen alikuwa ameshaondoa bega mlangoni, anatafuta maneno ya kuaga.

Ghorofani ngazi ya kwanza ililia.

Akarudi mlangoni kwa kishindo, akajipiga kofi la shavu. Glenys. Huyu ni Glenys. Niliyemtuma ni mimi.

"Umeanza," alisema Glenys kwa upole.

Hofu iliyomshika Imogen wakati huo haikuwa ya kitu kilichokuwa ghorofani. Alijiona jioni ileile yuko kituoni anakunywa chai, moyo mweupe kabisa, hana kosa hata moja, na mtoto mdogo amesimama getini mwa shule akingoja bibi ambaye hakuna anayejua kwamba aliwahi kuwepo. Akawafikiria na watu wake mwenyewe. Mume hana. Ana baba yake tu, mzee wa Morecambe, humpigia kila Jumapili kumsimulia habari za magoti yake.

"Nipe mkono," alisema.

"Wa nini?"

"Nipe, Glenys, kabla sijasahau ni kwa nini nauomba."

Glenys alinyoosha mkono mpaka ukingoni mwa kizingiti. Imogen alitoa kalamu mfukoni, ile ya wino mweusi ambayo askari wote huandikia mikononi wanapokosa karatasi, akaandika kwenye kiganja. Aliandika kwa kukandamiza. Hakumwonyesha alichoandika. Akaukunja ule mkono ukawa ngumi.

Glenys alielewa. "Usithubutu. Sajenti, mimi ni mtu mzima, nimeshakula chumvi yangu. Wewe bado."

"Mimi ndiye bosi," alisema Imogen, akaingia.

Hakuhisi chochote. Alimpita Glenys kwenye ukumbi ule mwembamba, bega kwa bega, akamsukuma mgongoni. Glenys alivuka kizingiti kama mtu yeyote anavyovuka kizingiti. Akafika njiani. Akavuta pumzi.

Imogen alimwona akivaa kofia na kuiweka sawa. Akamwona akigeuka. Macho yake yalimpitia Imogen kwa adabu, yakaangalia ukumbi, yakamrudia, na hayakuwa yanamjua.

"Uko salama, dada?" aliuliza Glenys, kwa ile sauti yake ya kazini. "Usiache mlango wazi hivi, baridi yote inakuingilia."

"Glenys, usi..."

Glenys, mwema siku zote, alishika kitasa na kumfungia mlango.

Ngazi ya pili ililia. Kisha ya tatu.

Hiyo ilikuwa Februari. Kituoni Thornclough walisema nafasi ya sajenti ipo wazi tangu mwaka mpya na makao makuu hayana haraka. Baba mmoja wa Morecambe kila Jumapili jioni aliketi karibu na simu na hakujua kwa nini. Nadeem alipata mzaha mpya kuhusu dada wa namba kumi na nne, anayepiga simu kila siku saa tano kusema kuna mtu anashuka ngazi.

Hayo tu ndiyo aliyoweza kuyasema. Imogen alijaribu mengine. Alijaribu kusema jina lake, akajaribu kusema *msije*, akajaribu kupiga kelele dirishani watoto wakipita kwenda shule. Mdomoni yalitoka maneno yaleyale ya adabu: samahani kuwasumbua, kuna mtu anashuka ngazi. Na alikuwa anashuka kweli. Kila siku alishuka mpaka ngazi ya mwisho na kuketi hapo. Hakuonekana. Zulia tu lilibonyea pale alipoketi, na likabaki limebonyea mpaka giza liingie. Imogen aliketi sebuleni akilitazama. Hakuwahi kuguswa. Alikuja kuona kwamba afadhali angeguswa.

Kiganja cha Glenys, kwa upande wake, kilikataa kutakata. Alikisugua kwa sabuni ya vyombo, kwa limau, kwa dawa ya kung'arishia sinki, ngozi ikachubuka na wino ukabaki palepale. Jina la mtu: Imogen Tattersall. Aliuliza kituoni, wakamtazama. Akatafuta kwenye kompyuta, hakuna askari wa jina hilo, wala mhalifu, wala marehemu. Mtu mwingine angevaa glavu na kuendelea na maisha. Glenys alikuwa na miaka kumi na tisa ya kugonga milango, na hakuna jina katika mji ule lililowahi kumshinda. Alianza mtaa wa kwanza kwenye ramani, nyumba kwa nyumba, kila alipopata nafasi. Na kwenye kompyuta hapakuwa na kitu chochote cha kumwambia asiende popote peke yake.

Mtaa wa Albion aliufikia Jumatatu ya wiki ya tatu, saa tano na nusu asubuhi.

Imogen alisikia anagonga namba mbili. Aliijua ile hodi, mbili nzito na moja nyepesi. Akasimama. Namba nne hawakuwepo. Namba sita walimweka kwa muda, kisha kicheko chake kikasikika njiani, na Imogen akalia kwa kukisikia tu.

Alikuwa na kalamu siku ile. Alikuwa na kiganja kizima na nusu dakika ya akili timamu. Yule mvuta sigara aliyekuwa zamu na Bi. Cropper, mtu mzembe, alipokuwa na nusu dakika yake aliandika onyo. Yeye angeweza kuandika *wawili*. Angeweza kuandika *usirudi kumi na nne*, yangetosha. Aliandika jina lake kwa sababu hakutaka kusahaulika. Kwa wiki tatu alijiambia kwamba hakuwa na nia nyingine, na kila siku saa tano alisogea karibu zaidi na mlango.

Namba nane. Namba kumi.

Kwenye ngazi ya mwisho zulia lilinyooka. Kilichokuwa kimeketi kilikuwa kimesimama.

Namba kumi na mbili mlango ulifunguliwa. "Samahani, mpenzi," ilisema sauti ya Glenys, karibu sana, ukuta mmoja tu katikati. "Unamjua mtu anaitwa hivi?" Jirani alisema hamjui. Jaribu hapo kwa dada, alisema, yeye yuko ndani siku zote.

Imogen alikishika kitasa kwa mikono miwili. Alikusudia kukizuia. Angeapa mbele ya hakimu yeyote kwamba alikusudia kukizuia. Alikaza mpaka viwiko vikauma, akajisemea Effie, Effie, Effie, na jina hilo, ambalo siku ile lilikuwa linamponyoka, leo lilikuja bila shida na halikuzuia kitu.

Hodi mbili nzito, moja nyepesi.

Akafungua. Glenys alisimama njiani, shavu jekundu kwa baridi, kiganja amekinyoosha tayari kuonyesha.

"Karibu ndani," alisema Imogen, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu maneno yaliyotoka yalikuwa yake mwenyewe. "Umekuja peke yako?"